Kompyuta Iliyogoma na Majina ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Siku kubwa. Leo nimeunda kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe. Sikununua iliyoundwa tayari kama watu wavivu. Nimenunua viungo kimoja kimoja, nikavipanga juu ya meza ya kulia chakula, nikavitazama kama jemadari anavyokagua jeshi, nikaanza. Dakika arobaini tu! Kijitabu cha maelekezo sikukifungua. Kina kurasa thelathini na mbili, na picha zake zimechorwa kwa ajili ya watu wasiojiamini.

Sababu ya kazi hii ni heshima. Jumamosi kituo cha afya kinafungua wodi mpya ya wazazi, na mgeni wa heshima ni mama mkwe wangu, mkunga mstaafu wa miaka thelathini na minane. Orodha ya watoto wote aliowapokea itabandikwa ukutani. Watoto elfu tatu mia mbili na nane. Mke wangu ni mwalimu, na hata nyumbani namwita Mwalimu kwa sababu hasahau makosa. Ameichapa orodha hiyo kwa miaka miwili kutoka kwenye madaftari ya mama yake. Madaftari yenyewe yaliloa paa lilipovuja, wino ukageuka madimbwi. Kwa hiyo majina yote yamo kwenye diski ya kompyuta yetu kuukuu, na hakuna kwingine.

Sasa kompyuta ile kuukuu. Ukiiwasha, unaweza kunywa chai, ukaosha kikombe, ukakikausha na kukirudisha kabatini kabla haijafunguka. Nikaona ni aibu majina ya heshima kama yale kutoka kwenye takataka ile. Asubuhi Mwalimu alipokwenda shuleni nikaing'oa diski, nikaihamishia kwenye kompyuta mpya, na takataka nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita. Akanipa ndoo ya plastiki. Ndoo nzuri, ina mfuniko.

Saa sita kamili nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa heshima zaidi. Kimya. Nikabonyeza kwa ukali. Haikukohoa hata kidogo.

Saa nane akaingia Shemeji. Huyu ni mdogo wake Mwalimu, mpima ardhi, mtu ambaye hata mkate anaukata kwa vipimo. Sijawahi kumwona akikosea hadharani, na ndiyo sababu simpendi. Akaizunguka kompyuta mara moja, mikono nyuma. Akauliza kama nimesoma maelekezo. Nikasema nimeyapitia. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza swichi ndogo kule nyuma panapoingia waya wa umeme, swichi ambayo mimi niliidhani pambo. Nikabonyeza kitufe changu. Feni zikazunguka nusu sekunde, taa zikawaka, halafu kila kitu kikafa.

Nikamwambia ameiua.

Mwalimu aliporudi aliuliza iko wapi kompyuta yake. Nikamwonyesha mpya. Akauliza ile ya zamani. Nikamwonyesha ndoo.

Vimebaki vijiti tisa vya shaba, vifupi kama punje za mahindi, ndani ya mfuko wa nailoni. Nadhani ni zawadi kwa wateja.


Jumanne, 7 Mei

Nimegundua tatizo. Umeme wa nyumba hii hautoshi. Kompyuta ya kisasa inataka kula ishibe, na hapa inagombania sahani moja na friji, pasi na redio. Ile nusu sekunde ya jana ilikuwa dalili ya njaa.

Saa tatu nikachomoa kila kitu. Friji. Redio. Feni ya chumbani kwa Mama (mama mkwe namwita Mama, naye huniita mwanangu, ila kwa sauti ya mtu anayeripoti upotevu). Nikapanda kwenye stuli nikalegeza hata balbu. Nyumba ikanyamaza kama masjala yetu anapoingia mkuu. Mimi ni karani wa masjala idara ya maji, niko likizo ya wiki moja, na wiki yenyewe ndiyo hii.

Nikabonyeza. Nusu sekunde. Labda nusu na kidogo, nikitia moyo.

Mama akatoka chumbani akijipepea kwa gazeti, akauliza joto hili limetoka wapi. Nikamweleza habari ya umeme, njaa na sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: nilibadilisha mambo mangapi kwa wakati mmoja? Nikasema yote. Akaguna, akarudi chumbani. Guno la Mama ni fupi, lakini linabaki sebuleni hata yeye akishaondoka.

Mchana nikajaribu kila tundu la umeme ndani ya nyumba. La sebuleni, la jikoni, la bafuni. Nimeibeba kompyuta kama mgonjwa asiyepokelewa hospitali yoyote. Kila mahali nusu sekunde ile ile.

Saa kumi Mwalimu akarudi, akafungua friji. Nilikuwa nimesahau kuirudisha kwenye umeme. Maziwa yameganda, nyama inanuka, na maji ya barafu yamemwagika mpaka chini ya kabati. Ndoo imesaidia sana kwenye kuyazoa. Nilimdokeza hivyo. Hakufurahi.

Alivua viatu, akakaa, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja na barua ya uongo kutoka kwa mzazi. Akasema, "Orodha inatakiwa kituoni Ijumaa saa kumi jioni. Sitasema mara ya pili."

Nikamhakikishia kwamba kompyuta inajizoeza tu.


Jumatano, 8 Mei

Tatizo limejulikana. Nimeuziwa kitu kibovu! Nilipaswa kulijua mapema. Muuza vipuri ana tabasamu la mtu anayejua jambo.

Nikalifungua boksi la umeme, lile linalolisha kompyuta nzima, nikalitia ndani ya ndoo, nikafunga mfuniko, nikaenda dukani kwake moyo ukinichemka. Duka lenyewe ni chumba chembamba, waya zimening'inia toka darini mpaka huwezi kugombana na mtu bila kuinama. Nikainama, nikagomba. Nikasema mengi kuhusu uaminifu katika biashara. Wateja wawili wakasogea karibu ili wasikie vizuri.

Muuza vipuri akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akalitoa boksi ndoani, akachukua kipande cha waya, akakikunja, akakichomeka mahali fulani. Feni ya boksi ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Wateja wakanitazama. Akasema mgonjwa wangu si huyu.

Kisha akaniuliza kama niliweka nguzo. Nikaona anabadilisha mazungumzo. Nikamjibu kwamba nyumba yangu ni ya matofali na nguzo zake ni imara kuliko duka lake. Akasema, kwa upole wa kuudhi, niende nikatoe kila kitu nje, nianze na vitu viwili vitatu, niongeze kimoja kimoja mpaka nimjue mkorofi. Eti nianze upya! Dakika zangu arobaini zote!

Nimerudi nyumbani na uamuzi wangu mwenyewe. Nimeondoa feni iliyo juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nikakuta katikati yake uchafu wa kijivu. Nikaufuta wote vizuri. Niliporudisha feni nikaona haigandi kama mwanzo, nikapaka dawa ya meno. Sasa kompyuta inanuka vizuri. Bado nusu sekunde, lakini ni nusu sekunde yenye harufu ya mnanaa.

Wakati wa chakula Mama alimpakulia Shemeji paja la kuku. Mimi shingo. Shemeji akafuta mdomo, akasema ana wazo dogo tu, kama sitaudhika. Diski inaweza kuchomolewa, yeye akaenda nayo ofisini kwao, wakatoa orodha kwa dakika tano. Kompyuta yangu ningeendelea nayo taratibu hata mwezi mzima.

Mwalimu akaniangalia kwa matumaini. Ukweli ni kwamba wazo halikuwa baya. Ubaya wake ni kwamba lilitoka kwenye mdomo ule, wenye paja la kuku. Nikamwona Jumamosi kituoni akipeana mikono na daktari mkuu, mimi nimesimama nyuma na ndoo.

Nikasema haiwezekani. Nikaeleza kwamba diski ikishafungwa kwenye kompyuta mpya inaota mizizi, ukiing'oa majina yanamwagika. Nilisema kwa utulivu wa kitaalamu. Shemeji akaendelea kula. Mwalimu akasema kama ni hivyo basi nina mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikifika saa sita haijawaka, diski inakwenda na mdogo wake, majina yamwagike yasimwagike.


Alhamisi, 9 Mei

Nisingependa kuandika habari za leo. Lakini shajara ni shajara.

Asubuhi niliwaza hivi. Watu hawataki kompyuta inayowaka. Wanataka kuamini kwamba inawaka. Wakiamini watatulia, wakitulia nitapata nafasi ya kufikiri. Ni mpango safi, hauna ubaya kwa mtu.

Nikairekodi kwa simu feni ya chumbani kwa Mama, dakika ishirini za muungurumo. Nikachukua tochi, nikaifunga karatasi nyekundu ya peremende. Simu na tochi nikavitia ndani ya kasha la kompyuta, nikarudisha kifuniko. Kasha likang'aa wekundu, likaunguruma. Nilirudi nyuma hatua tatu kulitazama. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Saa kumi na nusu nikawaita wote kwenye chai. Mwalimu, Mama, na Shemeji ambaye siku hizi hakosekani. Nikatoa hotuba fupi. Nikaeleza kwamba kompyuta imewaka, iko katika hatua ya kufikiri, skrini huja mwisho. Mwalimu akashika kifua kwa furaha, akaniita mume wangu, jambo ambalo hutokea mara mbili kwa mwaka. Shemeji akainamisha kichwa kutazama nyuma ya kasha. Nikamzuia, nikamwambia ina joto.

Ndipo kompyuta ikaanza kuita.

Ule mlio wangu wa simu, wa tarumbeta. Kasha zima likatetemeka. Nikakohoa kwa nguvu ili kuufunika. Haukufunikika. Ukakatika, ukaanza tena.

Mama akaweka kikombe chini, akasema, "Pokea, mwanangu. Inakuita wewe."

Chai ikamtoka Shemeji puani. Nikafungua kifuniko, nikaitoa simu mbele ya wote. Alikuwa mkuu wa masjala, anauliza ufunguo wa kabati la majalada. Nikamjibu nikiwa nimesimama wima, tochi ikiniwakia tumboni. Mwalimu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alichukua madaftari ya wanafunzi wake akaenda kuyasahihisha barazani, na hakugeuka nyuma.

Lakini si hilo nililotaka kuficha. Nilipokuwa naipapasa simu ndani ya kasha niligonga diski. Sikuwa nimeifunga kwa skrubu, niliibandika kwa utepe tu. Ikachomoka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ilitoa mlio mkavu. Wakati huo Shemeji anajifuta pua, Mama anatafuta miwani yake. Nikaiokota haraka, nikairudisha.

Baadaye nilipobaki peke yangu niliitoa nikaiweka sikioni. Nikaitikisa kidogo. Sijui diski nzima inasikikaje, kwa hiyo sijui nilichosikia.

Mama hana kitu kingine. Hana nyumba, aliiuza wakati wa ugonjwa wa mumewe. Ana sare mbili za kazi alizozitunza, na hayo majina. Kila jioni kwa miaka miwili alikuwa anakaa karibu na Mwalimu, kidole kwenye daftari, anamsomea, na akifika jina fulani anasimama kueleza: huyu alizaliwa mvua ikinyesha, huyu mama yake alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Sikula. Nimesema tumbo.


Ijumaa, 10 Mei

Saa mbili asubuhi Mwalimu amekwenda shuleni bila kuniaga. Mimi mezani, bisibisi mkononi, sijui pa kuichomeka.

Mama akatoka chumbani. Amevaa aproni nyeupe. Akaenda kwenye beseni akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, kila kidole na zamu yake. Akavuta kiti. Akasema macho yake hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo mimi nitasoma na yeye atasikiliza. Akanisogezea kijitabu cha maelekezo.

Nikasema sihitaji. Akasema hakuniuliza.

Nikaanza ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa tatu nikafika mahali palipoandikwa kwamba kabla ya kufunga bodi kuu, ule ubao unaobeba viungo vyote, lazima uweke nguzo za shaba kwenye kasha, ili mgongo wa bodi usiguse bati. Ukigusa, umeme unapotea njia na kompyuta inajizima yenyewe papo hapo. Nikasoma sentensi hiyo. Nikairudia kimoyomoyo. Nikasema ukurasa wa nne.

Mama akasema nirudi wa tatu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akaweka mezani ule mfuko wa nailoni wenye vijiti tisa. Aliuokota chini ya meza tangu Jumatatu. Akaniambia kwamba katika chumba cha kujifungulia kila kitambaa kinachoingia kinahesabiwa, na kikitoka kinahesabiwa tena. Kikibaki au kikipungua, hakuna anayekwenda nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akajibu kwamba alikuwa anangoja nimuulize mtu chochote.

Tukaivua kompyuta kila kitu. Yeye aliamuru, mimi nilifungua. Bodi tukailaza juu ya katoni safi, nje ya kasha kabisa. Akanusa prosesa, akauliza nani amepiga mswaki humu. Tukaifuta. Tulipaka kile kilichobaki kwenye kichupa kidogo cha kijivu, ambacho kwa mujibu wa ukurasa wa tisa ni dawa ya kupoza prosesa, si gundi ya kandambili kama nilivyodhani. Kisha vitu vichache tu: prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha kumbukumbu, boksi la umeme. Kila nilipotaka kuongeza kitu alinipiga kofi dogo la mkono. Kimoja, akasema. Halafu tuone.

Kitufe kilibaki kwenye kasha, kwa hiyo kijitabu kilisema niguse kwa ncha ya bisibisi pini mbili za bodi zinazopokea waya wa kitufe. Mama akanishika kifundo cha mkono. Nikagusa.

Feni ikazunguka. Nusu sekunde. Sekunde. Sekunde mbili. Ikaendelea! Nikahesabu mpaka thelathini, ikawa bado inazunguka. Halafu bodi ikatoa mlio mmoja mfupi, mwembamba, ambao kijitabu kinasema ni dalili ya uzima. Mama alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, sikio limeelekea katoni. Alipousikia akavuta pumzi, akaegemea kiti. Leo nimemwona jinsi alivyokuwa kazini. Sijawahi kumwona hivyo.

Basi tukafunga nguzo zote tisa. Tukarudisha bodi. Tukawasha, ikawaka. Tukaongeza kijiti cha pili cha kumbukumbu, ikagoma. Nikashika kichwa, yeye akasema nikisukume mpaka kilie. Nikasukuma, kikalia ta!, ikawaka. Tukaunganisha skrini. Maandishi.

Ikabaki diski. Saa tano na robo. Nikaishika mkononi, nikashindwa kuichomeka. Mama akaniuliza nina nini. Nikamwambia.

"Iliangushwa na mtu au ilianguka yenyewe?" akauliza.

"Niliiangusha mimi. Jana."

Akaitazama diski muda mrefu. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Akasema, "Mwenzako usimwambie kwanza. Habari mbaya haipelekwi kabla hujahakikisha. Chomeka, na uondoe mkono."

Nikachomeka, nikaifunga kwa skrubu nne, zote. Tukawasha. Diski ikagonga mara moja, tk. Ikagonga tena. Skrini nyeusi. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza, naye hakujua kwamba nimeona. Ikagonga mara ya tatu, ikanyamaza, na ndipo ikaanza kuvuma polepole. Picha ya harusi yetu ikatokea, ile ambayo Mwalimu anapenda na mimi nimefumba macho. Nikafungua faili. Nikashuka nalo mpaka chini kabisa. Elfu tatu mia mbili na nane.

Mama akaenda kunawa mikono.

Saa sita kasoro kumi Shemeji akaingia na mkoba wa kubebea diski. Nilikuwa nimekunja nne mbele ya skrini. Nikamwambia ilikuwa kazi ndogo tu. Mama yuko kwenye mlango wa jikoni anajikausha mikono, na hakunisuta. Nimeanza kumwelewa yule mama. Kidogo.


Jumamosi, 11 Mei

Wodi imefunguliwa. Viti vya kukodi, kipaza sauti kinachokoroma, daktari mkuu na hotuba ya kurasa saba. Mama kavaa sare yake ya kazi, imemkaa kama iliyoshonwa jana.

Orodha ilijaza ukuta mzima. Watu wakaijia kwa vidole. Wanaume wazima, wenye vitambi, wanatafuta majina yao wakisukumana kama wanafunzi kwenye matokeo. Dereva mmoja wa lori alijiona, akakaa chini ya ukuta akalia bila aibu. Mwanamke mmoja alipata lake, la mama yake na la binti yake, yote mikononi mwa mkunga mmoja.

Sehemu mbaya: daktari mkuu alimshukuru mtoto wa mgeni wa heshima, mpima ardhi, kwa utaalamu wa kompyuta. Makofi! Shemeji akasimama kusahihisha, lakini kipaza sauti kikakoroma na hakuna aliyemsikia. Alikuja kuniomba radhi. Nimemsamehe, isipokuwa kwa ndani.

Nikaenda ukutani nijifanye nakagua chapa. Mstari wa elfu moja mia moja na kumi na nne. Jina la baba yangu, fundi seremala. Jina la mama yangu. Tarehe yangu. Na maelezo: mvulana, kilo tatu na robo, alitanguliza miguu.

Nimeusoma mara nne. Marehemu mama yangu hakuwahi kuniambia ni nani aliyenipokea, na mimi sikuwahi kuuliza.

Nikamfuata Mama kwenye kivuli cha turubai alikokuwa anakunywa soda. Nikamuuliza kama ni mimi yule. Akasema ni mimi. Alihangaika nami tangu asubuhi mpaka jua linazama. Alinigeuza mara tatu tumboni kwa mama yangu, na mara tatu nikarudi vilevile, mpaka akaniacha nije kama nilivyotaka. Nilipotoka sikulia. Alinivua kitambaa nilichofungwa, akanilaza, akaanza upya, ndipo nikalia.

Nikamuuliza kama alijua wakati nilipokuja kumposa binti yake. Akanywa soda kidogo.

"Uliingia kwa mlango wa jikoni, ukawapita wazee wote ukumbini, ukaja kunisalimia mimi nikiwa nimeshika sufuria," akasema. "Nikajua ni yule yule. Nikamwambia binti yangu, huyu atakusumbua, lakini mkubali. Nilimtolea jasho jingi, sipendi apotee."

Kulikuwa na vumbi sana pale kwenye turubai. Ilibidi nifute macho.


Jumatatu, 13 Mei

Sasa sitasahau tena. Utulivu. Kuuliza. Kusoma kwanza. Nimemweleza Mwalimu hayo yote jana, akanipa paja la kuku.

Kwa bahati nzuri fursa ya kutumia busara hiyo imekuja mapema. Wodi imeletewa kitanda kipya cha kujifungulia, cha kisasa, kinachopanda na kushuka na kugawanyika, kikiwa vipande vipande ndani ya maboksi. Muuguzi mkuu akasema fundi wa kampuni atakuja Alhamisi. Nikamwambia asimsumbue fundi wa watu. Likizo yangu imekwisha, kweli, lakini nimemwandikia mkuu wa masjala kwamba nina jambo la kitabibu.

Saa tatu nilianza. Saa nne kasoro nilikuwa nimemaliza. Maelekezo yaliandikwa kwa lugha tano na nikakosa muda wa kuchagua. Kitanda kilisimama kizuri, kinameremeta. Muuguzi mkuu akauliza kama ni salama. Nikaona jibu zuri ni la vitendo. Nikapanda, nikajilaza chali, nikakanyaga kidude kilicho upande wa miguuni.

Sehemu ya kichwa ikashuka. Sehemu ya miguu ikapanda. Vishikio viwili vikafunga juu ya vifundo vyangu, kila kimoja mahali pake sawasawa, jambo linaloonyesha kwamba kwa sehemu kubwa nilifunga vizuri.

Hiyo ilikuwa saa moja iliyopita. Naandika nikiwa humu humu, daftari lilikuwa mfukoni. Damu imenishukia usoni na mwandiko unapanda juu. Wanafunzi sita wa uuguzi wameletwa kuona kitanda kipya, wameonyeshwa na mimi nikiwa sehemu yake. Mkufunzi wao ameeleza mkao. Muuguzi mkuu amenibandikia kijitabu chote mbele ya macho ili nisome ukurasa wa kushushia, nikamwambia hakuna haja, tatizo ni la kiwandani, kinajilegeza chenyewe kikipoa.

Nasikia hatua koridoni. Zimepimwa, zote sawa. Shemeji amesimama mlangoni na spana mkononi, anauliza kwa adabu kama nahitaji msaada.

Nimemwambia hapana. Nimepumzika tu.